“Timothy”: wimbo uliotungwa ili ufungiwe

Watu watatu wamenaswa ndani ya mgodi ulioporomoka. Wawili wanaokolewa. Wa tatu, Timothy, haonekani tena. Msimulizi ni mmoja wa wale wawili, na anadai hakumbuki vizuri yaliyotokea kule chini. Anachokumbuka ni kwamba alizimia, na alipozinduka tumbo lake lilikuwa limeshiba. Yote haya yanaimbwa kwa mdundo wa kuchangamsha, gitaa mbele, fidla na tarumbeta nyuma, kiasi kwamba asiyetega sikio anaweza kuutikisia kichwa wimbo mzima bila kujua amesikia habari za watu kumla mwenzao.

Bendi ni The Buoys, kutoka Wilkes-Barre katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Mwaka 1971 wimbo wao ulifika namba 17 kwenye chati ya Billboard Hot 100. Leo ukiwataja hata kwa wapenzi wa rock, wengi watakuuliza ni akina nani. Lakini wanaoukumbuka wimbo wenyewe hubishana sana, kwa sababu kuna hadithi tatu zilizosokotana nao. Ya kwanza inasema ulitungwa kutokana na ajali ya kweli. Ya pili inasema Timothy hakuwa mtu bali mnyama. Ya tatu inasema wimbo ulifanikiwa licha ya kufungiwa na redio. Mbili za mwanzo si kweli. Ya tatu imesimama kichwa chini miguu juu, na ndiyo mzizi wa mkanganyiko wote, basi tuanzie hapo.

Mwaka 1970 The Buoys walikuwa bendi ya vijana waliojulikana kwao na si mbali zaidi. Michael Wright, kijana aliyekuwa fundi wa sauti katika studio za Scepter Records jijini New York, aliwasikia na kuwaamini. Scepter haikuwa kampuni ndogo ya uchochoroni. Ilianzishwa na Florence Greenberg mwaka 1959, na ndiyo iliyowatoa The Shirelles, Dionne Warwick na B.J. Thomas. Wright akawashawishi wakubwa wake wawape The Buoys nafasi. Wakakubali, kwa sharti moja gumu: santuri moja tu, na hakuna senti ya kuitangaza.

Kwa biashara ya muziki ya wakati ule, sharti hilo lilikaribia kuwa kukataa kwa adabu. Kila wiki vituo vya redio vilipokea marundo ya santuri mpya, na nyimbo zilizoongezwa kwenye orodha ya kupigwa zilikuwa chache mno. Santuri isiyo na mtu wa kuipigia debe mlangoni kwa mkurugenzi wa vipindi iliishia chini ya rundo.

Wright akampelekea tatizo rafiki yake Rupert Holmes, mtunzi na mpangaji wa muziki aliyekuwa na umri wa miaka 23, mzaliwa wa Uingereza aliyekulia Marekani. Jibu la Holmes lilikuwa la kijanja na la kihuni kidogo. Kama kampuni haitaki kuwatangaza, watangazwe na yule atakayewakataza. Rekodini wimbo utakaofungiwa. Kituo kimoja kikiufungia, magazeti yataandika. Magazeti yakiandika, vijana watauliza. Kelele zikipanda, kampuni nyingine itaisikia bendi na kuisajili kwa masharti ya maana.

Tazama vizuri mpango huo. Wimbo wenyewe haukutarajiwa kupanda chati. Ulitakiwa ufe, ila ufe kwa kishindo, ili bendi ifaidi rambirambi. Marufuku haikuwa mkosi uliouangukia wimbo njiani. Ndiyo iliyopangwa kwanza, halafu ndiyo yakatafutwa maneno ya kuileta.

Sasa, mwaka 1970 ungeimba nini ufungiwe? Ngono ilikwisha kuimbwa, waziwazi na kwa mafumbo. Dawa za kulevya zilikuwa zimejaa kwenye santuri za rock tangu miaka mitatu minne iliyotangulia. Vita vya Vietnam vilikuwa na nyimbo zake. Isitoshe kulikuwa na mtego ndani ya mpango: ukiimba uovu waziwazi mno, hakuna mtangazaji atakayeuweka wimbo hewani hata mara moja, na wimbo usiowahi kupigwa hauwezi kufungiwa mbele ya watu. Holmes alihitaji jambo la kutisha lililovikwa nguo za kawaida, lipite mlangoni kwanza, ndipo ligundulike likiwa sebuleni.

Alivyolipata ni kisa anachokisimulia mwenyewe kwa furaha. Alikuwa akiandaa mpangilio wa “Sixteen Tons”, ule wimbo wa Merle Travis kuhusu wachimba makaa ya mawe ambao Tennessee Ernie Ford aliufanya maarufu mwaka 1955. Wakati huohuo televisheni ilikuwa imewashwa kwenye kipindi cha mapishi cha Graham Kerr. “Sixteen Tons” huanza kwa kuorodhesha viungo vya mwili wa mwanadamu maskini: misuli, damu, ngozi, mifupa. Mpishi yuko hewani, orodha iko mezani, na Holmes akaona orodha ile inasomeka kama mahitaji ya mchuzi. Mgodi na jungu vikakutana kichwani mwake. Anataja pia filamu ya “Suddenly, Last Summer”, iliyotokana na tamthilia ya Tennessee Williams, ambayo nayo inamalizikia kwenye ulaji wa watu bila kuutamka sawasawa.

Na hapo ndipo ufundi wa wimbo ulipo, kwenye kutotamka. Hakuna popote ndani ya “Timothy” msimulizi anapokiri kwamba walimla. Tunapewa vipande. Joe, yule aliyeokolewa pamoja na msimulizi, anasema yuko tayari kuiuza roho yake kwa kipande cha nyama. Kuna maji, lakini yanawatosha wawili. Joe anamwambia msimulizi kwamba atapiga funda moja, yanayobaki ni yako. Ukisikiliza haraka unaona ukarimu. Ukisikiliza mara ya pili unapiga hesabu: walionaswa ni watatu, maji yanagawanywa kwa wawili, na Timothy hajafa bado kwa mujibu wa kisa. Asiyekuwepo na lake halipo, husema wahenga, ila huyu alikuwepo, ameketi palepale, na tayari alikuwa amekwisha kuondolewa kwenye mgawo. Kwangu mimi huo ndio mstari wa kutisha kuliko wote, zaidi hata ya tumbo lililoshiba.

Kisha msimulizi anamuuliza Timothy, kama vile anamwita ng’ambo ya shimo, alikwenda wapi, na kwa nini yeye msimulizi hajui. Kwa juu ni kilio cha rafiki. Kwa chini ni mtu anayejenga utetezi wake kabla hajaulizwa. Utani wote wa wimbo umekalia pengo lililopo kati ya anachosema huyu bwana na tunachokielewa sisi. Bill Kelly, mwimbaji, aliuimba kwa uso mkavu, kwa sauti safi ya kijana mwema, na alifanya vyema. Angeweka cheko kidogo tu kwenye sauti, wimbo ungebaki kuwa mzaha wa siku moja.

Mtego ukanasa kuliko ulivyokusudiwa. Vituo viliupokea kama wimbo mwingine wa kupendeza wa dakika tatu hivi. Watangazaji walisikia mdundo, hawakusikia maneno. Waliosikia maneno ni vijana, ambao walikuwa na muda wa kurudia santuri mara kumi na hamu ya kubishana. Wakaanza kupiga simu kuomba wimbo. Wingi wa simu ukawafanya wakuu wa vituo wausikilize kwa makini, na wakishausikiliza baadhi yao waliutoa hewani palepale. Ukitolewa, simu zinaongezeka.

Hapa inafaa kueleza chati zilivyofanya kazi. Hot 100 ya wakati ule ilitokana na taarifa za mauzo madukani pamoja na taarifa za vituo kuhusu nyimbo walizopiga. Wimbo uliokuwa ukifungiwa mji mmoja huku ukishika kasi mji mwingine haukupanda kwa kuruka wala haukuanguka. “Timothy” ulifanya hivyo hasa, ukapanda polepole, wiki baada ya wiki. Na kila wiki ulipoonekana kwenye chati, kituo ambacho hakijawahi kuupiga kililazimika kujiuliza kwa nini hakina wimbo ambao taifa linao. Mwendo huo wa kinyonga ndio uliouweka hai miezi, wakati nyimbo zilizoanza nao zilikuwa zimekwisha kusahauliwa.

Kulikuwa na jambo jingine hewani. Septemba 1970 Makamu wa Rais Spiro Agnew alitoa hotuba Las Vegas akizishambulia nyimbo za rock kwamba zinawavutia vijana kwenye dawa za kulevya. Tarehe 5 Machi 1971, FCC, tume ya serikali inayosimamia redio, ikatoa tangazo la kuvikumbusha vituo kwamba vinawajibika kujua maneno ya nyimbo vinazorusha. Leseni ya kituo ilikuwa mikononi mwa tume hiyo, kwa hiyo hilo halikuwa onyo la kupuuzwa. Masikio ya wakaguzi yakaanza kuwinda bangi na heroini ndani ya kila mafumbo. Naamini hilo lilimsaidia Timothy kupita. Mtu aliyetumwa kukagua mizigo akitafuta bunduki hafungui chungu cha nyama.

Scepter, ambayo haikutaka kutumia pesa, ikajikuta na wimbo unaouza na unaotia aibu kwa wakati mmoja. Ilifanya mambo mawili, na yote mawili yanachekesha kuliko wimbo.

La kwanza, ilivitumia vituo santuri zenye matoleo yaliyosafishwa. Katika toleo moja waliziba kwa mlio neno la jehanamu, ambalo Wakristo wa Marekani walilihesabu kama tusi, halafu wakaacha ulaji wa mtu kama ulivyo. Katika jingine waliuondoa ule mstari wa tumbo lililoshiba na kuweka mwingine unaosema tu kwamba wao wawili walikuwa salama. Ukiufikiria, toleo la pili halimwokoi Timothy. Linawafanya wenzake wawe wakavu zaidi.

La pili ni uvumi wa nyumbu. Watu wa Scepter wakaanza kueneza kwamba Timothy hakuwa binadamu. Alikuwa nyumbu, yule chotara wa punda na farasi aliyetumika zamani kuvuta mabehewa ya makaa migodini, si wale wa Serengeti. Kula nyumbu ili usife njaa ni jambo la kusikitisha lakini halifungiwi. Uvumi ulikuwa na akili ndani yake, kwa sababu nyumbu wa migodini walikuwapo kweli Pennsylvania kwa miongo mingi na kila mzee wa huko aliwajua. Wakamwomba Holmes athibitishe. Akakataa. Nyumbu angeubomoa wimbo wote: nani angejitia kusahau kwamba alikula mnyama, na kwa nini? Hata hivyo uvumi umeishi miaka zaidi ya 50, na bado utakutana na mtu anayekuhakikishia kwamba ana habari za uhakika kuhusu nyumbu.

Tuje kwenye ajali. Hapa lazima mtu aende taratibu, kwa kuwa sasa tunazungumzia watu waliokufa kweli.

Wilkes-Barre imo katikati ya ukanda wa makaa magumu wa Pennsylvania, yale yanayoitwa anthrasaiti, na kumbukumbu ya migodi huko si ya vitabuni. Tarehe 22 Januari 1959, karibu na Pittston, jirani kabisa na Wilkes-Barre, maji ya Mto Susquehanna yalivunja paa la mgodi wa Knox ambao ulikuwa umechimbwa chini ya mto kupita kiwango cha usalama. Watu 81 walikuwa ndani. 69 walitoka. 12 hawakutoka, na miili yao haikupatikana kamwe. Ili kuziba tundu, mabehewa ya reli yalisukumwa moja baada ya jingine ndani ya kizingia cha maji. Ajali hiyo ndiyo iliyoua uchimbaji wa chini kwa chini katika sehemu ile. Vijana wa The Buoys walikuwa bado watoto.

Lakini inayotajwa pamoja na “Timothy” ni nyingine. Tarehe 13 Agosti 1963 mgodi uliporomoka Sheppton, karibu na mji wa Hazleton katika ukanda uleule, ukawanasa wachimbaji watatu. Waokoaji walitoboa tundu jembamba kutoka juu, wakawafikia wawili wakiwa hai, wakawapelekea chakula na taa, kisha wakachimba tundu pana zaidi na kuwavuta juu tarehe 27 Agosti, siku 14 baada ya ajali. Ilikuwa habari ya dunia nzima. Wa tatu alikuwa ametengwa na wenzake na kifusi. Hakupatikana, na amezikwa hukohuko.

Watatu wananaswa, wawili wanatoka, mmoja hapatikani, na bendi inatoka mkoa huohuo. Unaelewa kwa nini watu waliunganisha. Lisemwalo lipo, tumezoea kusema, lakini safari hii halikuwepo. Holmes hakuwa mtu wa Pennsylvania, na ameeleza kwamba hakuwahi kuisikia Sheppton alipoandika. Aliambiwa baadaye wimbo ulipokwisha kuvuma. Mgodi wake ulitoka kwenye “Sixteen Tons”. Muhimu zaidi, ukweli wa Sheppton unaipinga hadithi: yule wa tatu alikuwa upande wa pili wa kifusi, na wale wawili walikuwa wakishushiwa chakula kupitia tundu. Kuwabebesha watu wale, na jamaa zao waliobaki, tuhuma iliyozaliwa na mzaha wa mtunzi wa New York ni dhuluma, na nadhani ndiyo hasara pekee ya kweli iliyoletwa na wimbo huu.

Wakosoaji wa wakati ule walizungumza kana kwamba rock ndiyo imebuni uchafu huu. Haikubuni. Watoto wa Ufaransa wana wimbo wa zamani kuhusu jahazi dogo ambalo halijawahi kusafiri baharini: chakula kinaisha, mabaharia wanapiga kura kwa vijiti, kura inamwangukia mdogo wao, na wanaanza kujadili wampike kwa mchuzi gani. Unaimbwa shule za chekechea. Mwaka 1866 W.S. Gilbert, ambaye baadaye alitunga opera za kuchekesha pamoja na Sullivan, alichapisha “The Yarn of the Nancy Bell”, shairi la mzee baharia aliyewala wenzake wote melini na sasa anajitambulisha kwa vyeo vyao vyote. Jarida la Punch lilikuwa limelikataa kwa hoja kwamba limezidi ulaji watu kwa wasomaji wake, hivyo likatokea katika jarida la Fun. Miaka 18 baadaye mahakama ya Uingereza ikawahukumu Dudley na Stephens, mabaharia wa chombo kilichoitwa Mignonette, kwa kumuua na kumla kijana wao wa kazi, Richard Parker, aliyekuwa na miaka 17. Jambo lililokuwa kichekesho cha ukumbini likawa kesi inayosomwa mpaka leo na wanafunzi wa sheria.

“Timothy” nao ulipata Mignonette wake, na haraka zaidi. Tarehe 13 Oktoba 1972 ndege iliyobeba timu ya raga ya Uruguay ilianguka kwenye milima ya Andes. Watu 16 waliokolewa baada ya siku 72, na walikiri kwamba waliishi kwa kula miili ya wenzao waliokwisha kufa. Hawakuficha, hawakujitia kusahau, na dunia kwa sehemu kubwa iliwaelewa. Sina hakika kama kituo chochote kingeupokea wimbo wa Holmes kwa wepesi uleule kama ungetoka baada ya ajali ile.

Na ile kampuni nyingine iliyotarajiwa kuja kuinyakua bendi? Mpango ulikwama kwa sababu ulifaulu. Scepter, baada ya kuona mauzo, ikaing’ang’ania bendi yenyewe na kutaka albamu, iliyotoka mwaka 1971 kwa jina la “Portfolio”. Holmes akawaandikia wimbo mwingine, “Give Up Your Guns”, kuhusu jambazi anayekimbia sheria. Kwa masikio yangu ni wimbo bora kuliko “Timothy”, wenye nafasi, upepo na huzuni ya kweli. Ulifika namba 84 ukazama. Redio ilikwisha kuamua The Buoys ni akina nani: ni wale wa kula watu. Ukiingia mjini kwa mlango huo, ni vigumu kutoka kwa mwingine. Kelly na mwenzake Jerry Hludzik waliendelea pamoja, baadaye wakiwa na bendi iliyoitwa Dakota. Scepter ikafunga milango katikati ya miaka ya 1970.

Aliyenufaika ni mtunzi. Desemba 1979 Holmes alishika namba moja Marekani kwa “Escape”, ule wimbo wa kinywaji cha nanasi na nazi, ambao nao, ukiuchunguza, ni kisa cha wanandoa wawili wanaopanga kusalitiana kwa sauti ya likizo ufukweni. Mwaka 1985 akaipeleka jukwaani riwaya ya Charles Dickens kuhusu Edwin Drood, ambayo mwandishi alifariki mwaka 1870 kabla hajafichua ni nani muuaji. Holmes hakuimalizia. Aliandika miisho mbalimbali na kuwaachia watazamaji wapige kura ukumbini kila usiku, nani aliyeua. Broadway ikampa tuzo za Tony kwa maandishi na kwa muziki, na hakuna aliyemtaka athibitishe kwamba Drood alikuwa nyumbu.